Dawa za nano kwa baridi yabisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa watu wanaoishi na baridi yabisi, jamaa wanaowauguza, na wanafunzi wa uuguzi na famasia wanaokutana na neno "nano", yaani dawa zinazobebwa na chembe ndogo mno, kila wanapofungua simu. Baridi yabisi inayozungumzwa hapa ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inayashambulia maungio ya mwenyewe, kwa kawaida vidole, viganja na nyayo, pande zote mbili, na kumfanya mtu aamke akiwa amekakamaa kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa nao, na kati ya kila kumi, saba hivi ni wanawake.

Je, kuna dawa ya nano ya baridi yabisi ninayoweza kununua leo?

Hapana. Mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya hazijaidhinisha liposomu (kifuko kidogo mno cha mafuta) wala chembe ya nano iliyobeba dawa kwa ajili ya ugonjwa huu. Kilicho karibu zaidi ni sertolizumabu pegoli, kipande cha kingamwili kilichoungwa kwenye nyuzi ndefu za polima ya PEG ili kisitoke mwilini haraka. Marekani iliiruhusu kwa baridi yabisi mwaka 2009. Wapo wataalamu wanaoihesabu kuwa dawa ya nano, na wapo wanaosema ni dawa ya kibayolojia kama nyingine. Ubishi huo haumsaidii mgonjwa.

Kinachomsaidia ni kujua hivi: anayeuza "nano ya viungo" dukani au kwenye kundi la WhatsApp hauzi kitu kilichopimwa kwa ugonjwa huu na kuthibitishwa.

Basi kwa nini wanasayansi wanahangaika nazo?

Kwa sababu ya tatizo ambalo kila anayemeza dawa za baridi yabisi analijua. Ugonjwa uko kwenye utando mwembamba uliofunika kiungo kwa ndani, lakini dawa inasambaa mwili mzima. Methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, inafika kwenye utando huo, na inafika vilevile kwenye ini, kwenye uboho unaotengeneza damu, kinywani na kwenye matumbo. Prednisoloni, dawa ya steroidi, inatuliza vidole, na papo hapo inapandisha sukari, inainua presha, inadhoofisha mifupa na kuufanya uso uvimbe. Ni kama kumwagilia shamba zima kwa sababu ya mche mmoja, na maji yenyewe yana chumvi.

Wazo la nano ni kuifungasha dawa hiyohiyo ndani ya kichukuzi kidogo mno, kilichopimwa ukubwa wake ili kibaki ndani ya mishipa ya damu iliyo salama, lakini kipenye pale penye kiungo kinachougua. Ukielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya taaluma hii. Mara nyingi hakuna dawa mpya; kuna dawa tunayoijua tangu zamani iliyopewa njia mpya ya kufika. Habari nyingi zinazosambaa huruka jambo hili, na msomaji anabaki akidhani nano yenyewe ndiyo inayotibu.

Ndogo kiasi gani?

Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele una unene wa nanometa 80,000 hadi 100,000, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban 7,000. Vichukuzi vingi vinavyojaribiwa kwa maungio vina nanometa kati ya 50 na 200, karibu sawa na kirusi cha korona.

Ukubwa huo umechaguliwa kwa makusudi. Chembe iliyo chini ya nanometa sita hivi huchujwa na figo na kutoka kwenye mkojo kabla haijafanya kazi. Iliyozidi 200 hunaswa upesi na wengu na ini. Dirisha lililobaki katikati ni dogo, na kiwanda lazima kilipate kila mara.

Zinajuaje njia ya kwenda kwenye goti au kidole kinachouma?

Hazijui. Zinazunguka na damu, zinapita kila mahali, na zinatoka nje ya mshipa pale tu ukuta wake unapovuja.

Kiungo kilichovimba kwa baridi yabisi kina mishipa mingi mipya iliyoota haraka, na kuta zake zina nafasi kati ya seli na seli. Hizo ndizo nafasi zinazoruhusu maji na chembe nyeupe kumiminika ndani mpaka kiungo kinajaa na kuwa cha moto. Mlango uleule unaoleta uvimbe unaweza kupitisha dawa. Mwaka 1986, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza jambo linalofanana na hili kwenye uvimbe wa saratani. Baadaye Dong Wang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, wakaonyesha kwamba kwenye maungio kuna hatua ya pili iliyo muhimu zaidi: chembe zikishatoka kwenye mshipa, seli za uvimbe zilizopo pale huzimeza na kuzishikilia. Dawa inabaki ndani ya kiungo hata damu ikishasafishwa.

Seli hizo ni pamoja na makrofaji, ambazo kazi yake ya kila siku ni kumeza takataka na vijidudu. Kwenye baridi yabisi ndizo zinazomwaga TNF, kemikali inayochochea uvimbe na kuchangia kuliwa kwa gegedu na mfupa. Kwa hiyo seli inayosababisha madhara ndiyo inayoimeza dawa kwa hiari yake. Sijaona jambo lenye mantiki nzuri zaidi katika utafiti huu wote.

Wengine hawaridhiki na mlango unaovuja peke yake, wakaongeza "anwani" juu ya chembe. Makrofaji zilizochachamaa huota juu yake kipokezi cha folati (vitamini ya jamii ya asidi ya foliki) kiitwacho beta, ambacho ni nadra kwenye seli tulivu. Ukipaka asidi ya foliki juu ya chembe, zitashikwa zaidi na seli hizo. Wengine hutumia asidi ya hayaluroniki, ile inayoufanya ute wa maungio uteleze, kwa kuwa inashikamana na CD44, protini inayojaa juu ya seli za utando uliovimba.

Kuna ushahidi wowote kwamba inafanya kazi, au ni nadharia?

Kwa wanyama upo, tena mwingi. Utafiti ambao ningemwonyesha mtu kwanza ulichapishwa mwaka 2003 na kundi la Josbert Metselaar na Gert Storm nchini Uholanzi. Walichukua panya waliosababishiwa ugonjwa wa maungio, wakawachoma mshipani prednisoloni iliyofungwa ndani ya liposomu zenye koti la PEG. Sindano moja ilizima uvimbe kwa karibu wiki nzima. Kiasi kilekile cha dawa bila liposomu, sindano moja, hakikupunguza uvimbe. Na hata kilipotolewa kila siku, nafuu ilikuwa ndogo.

Ili kuona uzito wa matokeo hayo inabidi kurudi nyuma. Mwaka 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotizoni, steroidi ya jamii moja na prednisoloni, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi kitandani, na baada ya siku chache mgonjwa akawa anatembea. Hench na wenzake wawili wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Furaha ikapoa haraka, kwa sababu wagonjwa waliopewa dozi kubwa kwa muda mrefu walivimba nyuso, wakavunjika mifupa, wakaugua vidonda vya tumbo. Dawa ilikuwa na nguvu, ila haikuwa na mipaka. Kinachotafutwa Uholanzi na kwingineko ni nguvu ile ya 1948 ikiwa imefungiwa ndani ya kiungo. Liposomu za prednisoloni zimekwisha kuingia kwenye majaribio ya binadamu, lakini hazijafikia kuidhinishwa.

Chembe hizo zinatengenezwa kwa kutumia nini?

Liposomu ni vifuko vya mafuta ya aina ileile inayounda ukuta wa seli zetu. Alec Bangham wa Uingereza alizieleza katika miaka ya 1960, na mwaka 1995 Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya liposomu, ikaidhinishwa Marekani. Kuna PLGA, polima inayovunjika taratibu mwilini na ambayo madaktari wa upasuaji wanaijua kwenye nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Kuna kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Kuna albumini, protini ya damu yenyewe, ambayo seli za kiungo kilichovimba huitumia kwa wingi kama chakula. Na kuna madini: dhahabu, oksidi ya seriamu, oksidi ya manganisi. Hizi mbili za mwisho zinachunguzwa kwa sababu zenyewe huzima kemikali kali za oksijeni zinazojaa kwenye uvimbe, hata bila kubeba dawa.

Nimesikia dhahabu inatibu baridi yabisi. Ni kweli?

Ilikuwa kweli, na historia yake inafaa kujulikana kwa sababu inatumiwa vibaya. Mwaka 1890 Robert Koch aligundua kwamba sianidi ya dhahabu inazuia bakteria wa kifua kikuu kukua maabara. Enzi hizo baadhi ya madaktari walishuku kuwa baridi yabisi nayo inatokana na vijidudu, na mwaka 1929 Jacques Forestier wa Ufaransa akatangaza matokeo yake ya kuwapa wagonjwa sindano za chumvi za dhahabu. Dhana kuhusu vijidudu haikuwa sahihi, lakini baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya kweli. Sindano hizo zikatumika kwa miongo mingi, na mwaka 1985 Marekani ikaidhinisha vidonge vya auranofini. Zilikuja na vipele, vidonda vya mdomo, protini kwenye mkojo, na wakati mwingine damu kushuka vibaya. Methotreksati, iliyoidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1988, ikazisukuma pembeni.

Chembe za nano za dhahabu ni kitu kingine. Hapa dhahabu ni metali, si chumvi. Maabara zimeonyesha kwamba zinaweza kushikamana na VEGF, protini inayootesha ile mishipa mipya, na kwamba zinaweza kubebeshwa methotreksati. Yote hayo ni maabara na wanyama.

Vichupa vya "dhahabu ya maji" na "fedha ya maji" vinavyouzwa mtandaoni havitokani na tafiti hizi. Fedha ikinywewa kwa muda mrefu hujikusanya kwenye ngozi na kuigeuza rangi ya kijivu-buluu, na rangi hiyo haiondoki. Dada au mama yako akiwa anakunywa kitu cha aina hiyo, mkanye kwa upole, lakini mkanye.

Je, nano inaweza kuponya kabisa, si kutuliza tu?

Swali hili linaulizwa kwa matumaini makubwa, nami sitaki kuyavunja wala kuyapuliza.

Vichukuzi nilivyoeleza hadi hapa vinapunguza uvimbe. Havibadilishi ukweli kwamba kinga ya mwili imekwisha kuamua kuwa maungio ni adui. Wagonjwa wengi wana kingamwili dhidi ya protini zilizobadilishwa kidogo umbo, ndizo zinazopimwa kwenye kipimo cha anti-CCP, na kingamwili hizo zinaweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijauma. Kuponya kungekuwa kuifundisha kinga iache kuzishambulia protini hizo, huku ikiendelea kupigana na malaria, kifua kikuu na maradhi mengine.

Kuna makundi yanayojaribu hilo. Mwaka 2016, Pere Santamaria na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walitoa ripoti ya chembe za nano zilizopakwa vipande vya protini za mwili pamoja na molekuli ambazo seli T, askari wa kinga ya mwili, huzitumia kutambua adui. Kwa panya wenye magonjwa mbalimbali ya kinga, ukiwemo wa maungio, chembe hizo ziligeuza baadhi ya seli T zilizokuwa zikishambulia zikawa zinatuliza. Nchini Australia, Ranjeny Thomas wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake wakaenda mbele hadi kwa binadamu: liposomu zilizobeba kipande cha kolajeni (protini iliyomo kwenye gegedu) pamoja na kalsitrioli, ambayo ni umbo tendaji la vitamini D, zikachomwa chini ya ngozi kwa dozi moja kwa kundi dogo la wagonjwa wenye kingamwili hizo. Matokeo yalitoka 2022. Ilivumilika, na damu ilionyesha mabadiliko kwenye seli zilizolengwa. Jaribio la namna hiyo hupima kwanza usalama, na dozi moja kwa watu wachache haithibitishi tiba. Hata hivyo, kwangu mimi hii ndiyo kazi ya kufuatiliwa kuliko zote, kwa sababu inakwenda kwenye chanzo cha ugonjwa.

Kuna na njia ya tatu, ya kuudanganya uvimbe. Mwaka 2018, maabara ya Liangfang Zhang huko San Diego, Marekani, ilifunika chembe za PLGA kwa ngozi ya nje ya neutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazokimbilia kwenye maungio yanayougua. Chembe hizo hazikuwa na dawa ndani. Kemikali za uvimbe zilizitambua kama neutrofili halisi, zikashikamana nazo na kuishia hapo badala ya kuchochea seli za kweli. Kwa panya, zililinda gegedu.

Mbona panya wanapona na sisi bado tunasubiri?

Panya wa maabara huugua kwa kuchomwa kolajeni au mafuta yenye vipande vya bakteria. Ugonjwa unaanza siku inayojulikana na unakwenda kasi. Matibabu yanatolewa mapema, na panya wote ni wa ukoo mmoja. Binadamu anafika kliniki baada ya miezi au miaka ya kupakwa dawa za kuchua na kunywa vidonge vya maumivu, akiwa na presha, pengine kisukari, na mishipa yake inavuja kwa kiwango kisichofanana na cha jirani yake. Kidole kilichopinda na kuganda miaka mingi hakina ile mishipa inayovuja, kwa hiyo hakuna mlango.

Sababu ya pili ni kiwanda. Kutengeneza kijiko kimoja cha chembe zinazolingana ni kazi ya mwanafunzi wa uzamili. Kutengeneza lita elfu, kila chupa ikiwa na ukubwa uleule na kiasi kilekile cha dawa, bila kijidudu hata kimoja, ni kazi inayofilisi kampuni.

Ya tatu huwa haisemwi wazi: mpinzani ana nguvu. Methotreksati ni ya zamani, ni rahisi bei, na inawasaidia watu wengi. Dawa mpya ya nano itabidi iishinde hiyo, au ishinde dawa za kibayolojia kama adalimumabu, kwa tofauti kubwa kiasi cha kuhalalisha gharama yake. Wawekezaji wengi wamepiga hesabu hiyo na kupeleka fedha kwenye saratani.

Zina madhara gani?

Madhara ya kwanza ni kwamba nyingi haziendi unakotaka. Ini na wengu vimeumbwa kusafisha damu, na sehemu kubwa ya chembe huishia huko. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi za chembe za nano kwa saratani kwenye wanyama na kukuta kwamba kwa wastani ni asilimia 0.7 tu ya dozi iliyofika kwenye uvimbe. Takwimu hiyo ni ya saratani, si ya maungio, lakini inafundisha tahadhari kwa kila anayesikia kwamba dawa "inakwenda moja kwa moja" mahali fulani.

Pili, baadhi ya watu huchemka wakati chembe zinaingia mshipani: uso unawaka, kifua kinabana, mgongo unauma, presha inashuka. Hutokea kwa haraka, mara nyingi kwenye dozi ya kwanza, na ndiyo sababu dripu za liposomu huanza kwa mwendo wa polepole mbele ya muuguzi. Tatu, mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya PEG, na dozi zinazofuata zikasafishwa haraka kabla ya kufanya kazi. Nne, chembe za metali hazivunjiki kama mafuta au PLGA. Mgonjwa wa baridi yabisi hutumia dawa miaka ishirini au thelathini, na hakuna jaribio la panya linaloweza kujibu swali la muda huo.

Halafu kuna jambo linalotugusa sana huku kwetu. Dawa yoyote inayozima makrofaji au TNF inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, maana seli hizohizo ndizo zinazokifungia bakteria wake. Hilo lilijulikana wazi mwaka 2001 kwa infliksimabu, dawa inayozima TNF. Kichukuzi cha nano kinachofanya kazi hiyohiyo hakitaepuka swali hilo, na kupima kifua kikuu kabla ya kuanza kutabaki kuwa lazima.

Afrika Mashariki tumewahi kutumia dawa za nano?

Ndiyo, na wengi hawakuambiwa kwamba ndizo. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilizotolewa hapa zilikuwa ndani ya chembe za nano za mafuta. Kabla ya hapo ilikuwepo AmBisome, yaani amfoterisini B, dawa ya fangasi na vimelea, ndani ya liposomu, inayotumika kwa kalaazari na kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi inayowapata watu wenye VVU.

Amfoterisini ya kawaida huumiza figo na kushusha damu. Ikifungwa kwenye liposomu inakuwa nyepesi zaidi kwa mwili. Jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, likachapishwa 2022, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya AmBisome, ikiambatana na dawa nyingine za fangasi, flusitosini na flukonazoli, haikuwa duni kuliko tiba ya kawaida ya sindano za siku saba, na madhara yalikuwa machache. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mwaka 2018 mtengenezaji alikuwa ametangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na bado hospitali nyingi zimekaa bila kukipata. Nauleta mfano huu kwa sababu unaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kufungasha dawa ya zamani upya kunaweza kuokoa maisha katika wodi zetu, na bei iliyoandikwa kwenye tangazo haimaanishi kwamba dawa ipo kwenye kabati.

Sindano ya ndani ya goti nayo ni nano?

Sindano ya kawaida ya steroidi si nano. Dawa yenye molekuli ndogo ikiingizwa kwenye kiungo hutoroka ndani ya saa chache, kwa hiyo watafiti hutumia chembe ili ikae. Zilretta, iliyoidhinishwa Marekani 2017, ni triamsinoloni ndani ya chembe za PLGA, lakini chembe zake ni kubwa, za kipimo cha mikroni, na ni kwa goti lililochakaa, si kwa baridi yabisi. Kwa mwenye viungo kumi na viwili vinavyouma, sindano ya kiungo kimoja kimoja haitoshi.

Mimi nina goti la uzee. Haya yote yananihusu?

Kidogo sana. Goti linalochakaa kwa umri na uzito halina ule uvimbe mkali wala mishipa inayovuja kwa kiwango hicho. Jongo ni ugonjwa mwingine, wa asidi ya yuriki. Na homa ya chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania, inaweza kuacha maumivu ya maungio kwa miezi, yakafanana mno na baridi yabisi. Pimwa kwanza ujue unaugua nini.

Niache methotreksati nisubiri dawa za nano?

Usiache. Mfupa ukishaliwa hauoti tena, na uharibifu mkubwa hutokea miaka ya mwanzo. Kila mwezi wa kusubiri bila dawa ni mwezi ambao ugonjwa unafanya kazi peke yake.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu methotreksati: humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa kudhani ni kama vidonge vingine. Chagua siku, iandike kwenye pakiti, mwambie na mtu wa nyumbani. Asidi ya foliki hutolewa pamoja nayo kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Damu na ini hupimwa mara kwa mara. Usiitumie ukiwa mjamzito wala unapotafuta mimba. Zungumza na daktari mapema, kwa sababu zipo dawa mbadala zilizo salama zaidi kwa mama na mtoto. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, kwa hiyo kutosikia tofauti mwezi wa kwanza si ishara kwamba imeshindwa.

Ikishindwa kweli, kuna hatua nyingine zilizopo leo. Adalimumabu iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na nakala zake zilizoidhinishwa zimeshusha bei katika nchi nyingi. Madaktari bingwa wa maungio ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Omba rufaa mapema, usingoje vidole vipinde.

Nikialikwa kushiriki jaribio la dawa ya nano, nifanyeje?

Uliza. Je, jaribio limepitishwa na kamati ya maadili ya taifa na mamlaka ya dawa ya nchi, na barua ya kibali iko wapi? Dawa iliyomo ndani ya kichukuzi ni ipi, na kichukuzi chenyewe kimetengenezwa kwa nini? Imeshawahi kupewa binadamu? Nitaendelea na methotreksati yangu au nitaambiwa niisimamishe? Nikipata madhara usiku, nani atapokea simu, na nani atalipa? Nitapimwa kifua kikuu na homa ya ini kabla? Nikipona kwa dawa hiyo, nitaendelea kuipata jaribio likiisha?

Hutakiwi kulipa chochote ili ushiriki. Anayekutoza pesa kwa "jaribio" anakuuzia dawa isiyoidhinishwa. Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha unayoielewa, upewe muda wa kwenda nayo nyumbani na kuisoma na mtu unayemwamini. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na kliniki yako ya kawaida haina ruhusa ya kukunyima matibabu kwa ajili hiyo.